Masurufu ya Safari: Jinsi Vijana wa Kenya Walivyofikishwa Vyuo vya Marekani

Mwezi wa Septemba 1959 ilitua New York ndege ya kukodi iliyochukua vijana 81 kutoka Kenya, wanawake kwa wanaume, waliokuwa njiani kuingia vyuo vilivyotawanyika katika majimbo mengi ya Marekani. Safari hiyo imekwisha kusimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kama habari ya ndege na ya wakubwa waliotoa fedha. Lakini muradi wa makala haya ni kuzungumza juu ya kazi iliyoitangulia ndege, yaani kazi ya kumshika mkono kijana aliyemaliza kidato cha mwisho, kumtafutia chuo kitakachompokea, na kumchangia masurufu mpaka afike. Kwani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu, na wengi wa walioifanya hawakuandikwa majina yao popote.

Katika miaka ile kijana aliyefaulu mtihani wa Cambridge katika shule kama Alliance, Mang'u au Maseno alijikuta mbele ya mlango mmoja tu, nao ni mwembamba. Chuo cha Makerere, kilichoanzishwa Kampala mwaka 1922 na kuanza mwaka 1949 kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, kilipasa kuzitosheleza Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilifungua milango mwaka 1956, na cha Dar es Salaam hakikuwapo hadi Oktoba 1961. Nafasi za kwenda Uingereza kwa gharama ya serikali zilikuwa haba, na aliyezigawa ni serikali ile ile ya kikoloni iliyokuwa imeiweka Kenya chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Marekani haikuwa nchi isiyosikika, maana Mbiyu Koinange alikwisha kwenda huko katika chuo cha Hampton tangu mwaka 1927, na Julius Gikonyo Kiano alirejea mwaka 1956 na shahada ya udaktari kutoka California. Ila hao walikuwa wachache mno, na kila mmoja alijitafutia njia yake.

Basi na tuitazame njia yenyewe ilivyokuwa. Kijana aliyetaka kwenda aliandika barua kwa chuo ambacho hajapata kukiona, katika mji asioujua hata kwa ramani, aghalabu baada ya kupekua vitabu vya maelezo ya vyuo katika maktaba ya Wamarekani iliyokuwa Nairobi. Akajaza fomu zilizotungwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine, zenye kuuliza mambo ya masomo kwa hesabu isiyolingana na ile ya Cambridge. Akamwendea mwalimu wake mkuu, au padre, au mchungaji, kuomba barua ya kumsifia. Akijaliwa kupokewa, mara nyingi chuo kilimsamehe ada ya masomo, kikamwachia gharama ya kula na kulala. Na lau alipata na hiyo, ilibaki nauli, ambayo kwa mtoto wa mkulima ilikuwa sawa na mapato ya miaka. Wala mwakilishi wa Marekani hakuwa akitoa ruhusa ya kuingia nchini mwake kabla hajaona ushahidi wa chuo na wa fedha. Juu ya yote hayo, wakubwa wa kikoloni walikuwa wakiwatia watu tashwishi kwamba vyeti vya Marekani ni hafifu, neno ambalo kwa yakini liliwavunja moyo wazazi wengi.

Aliyetia azma ya kuyafunga mambo hayo pamoja ni Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la katani huko Kilima Mbogo, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya, akawa kiongozi wa wafanyakazi. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, bali alikuwa amekaa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, na nadhani mtu aliyeonja elimu kidogo na kukatizwa huijua kiu yake kuliko aliyeshiba. Mwaka 1956 alizuru Marekani na kufanya urafiki na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege. Mwaka 1959 alirudi huko akiwa na umri wa miaka 28 tu, jina lake limekwisha vuma kwa kuongoza mkutano wa Waafrika wote uliofanyika Accra Desemba iliyotangulia, akahutubia mji baada ya mji. Na kila alipokwenda aliviomba vyuo nafasi kwa ajili ya vijana wa kwao. Kule New York ukasimamishwa mfuko wa kuwasaidia wanafunzi hao, na Jackie Robinson wa mchezo wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji wakatia sahihi zao katika barua ya kuwaomba Wamarekani mchango. Martin Luther King naye, akiwa bado mchungaji huko Montgomery, alijitwika pamoja na watu wake sehemu ya gharama za mwanafunzi mmoja.

Huku nyumbani Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri walipokea maombi, wakayachambua. Na hapa ndipo penye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii: michango ya vijijini. Wazazi waliuza ng'ombe, jamaa wakatoa akiba zao, makanisa yakakusanya sadaka, na watu wakaandaa karamu za chai ambapo kikombe kilinunuliwa kwa bei isiyokuwa ya chai, kwa kuwa kila aliyekinywa alijua ananunua siku za masomo za mtoto wa mwenzake. Fedha hizo hazikuwa karadha ya kulipwa. Zilikuwa hiba, ingawa mpokeaji aliondoka akijua fika kwamba ni mtoto wa kijiji kizima.

Mwaka 1960 waliokubaliwa vyuoni walizidi sana, kutoka Kenya na nchi jirani, hata mfuko ukaelemewa na nauli. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliombwa, ikakataa. Mnamo tarehe 26 Julai Mboya alimwendea John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Wizara ile ile, kwa msukumo wa Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy katika uchaguzi huo, ikageuka na kuahidi kiasi kama hicho, na suala likawa ugomvi wa uchaguzi. Fedha za Kennedy zinastahili shukurani, lakini si haki jina lake lifunike majina ya waliotangulia. Na kwa kuwa watu wengi hudhani Barack Obama, baba wa aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwamo katika ndege ya 1959, inafaa isemwe kwamba hakuwamo: alikwenda Hawaii mwaka huo kwa njia nyingine.

Ikumbukwe pia kwamba Marekani yenyewe ilikuwa bado inajifunza kuwasaidia vijana wake. Mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wote wenye uhitaji ilianza kwa sheria ya 1958, na sheria kubwa ya elimu ya juu Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi Novemba 1965. Kwa hiyo vyuo vidogo, vingi vyao vya kidini, vilivyowapokea wageni bila ada vilitoa katika hazina isiyokuwa na kina.

Waliofika hawakustarehe. Wengi walifanya kazi jikoni na maktabani, wakatumia likizo kutafuta fedha za muhula ujao. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamekwenda takriban 800, na wakati huo huo mwanasiasa Oginga Odinga alikuwa akiwapeleka wengine Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki.

Mmoja wa abiria wa 1960 ni Wangari Maathai, aliyetoka shule ya Loreto Limuru akaenda Atchison, Kansas, katika chuo cha masista wa Kibenedikto. Alimaliza mwaka 1964, akasoma zaidi Pittsburgh, akarejea Kenya mwaka 1966 kufanya kazi katika chuo cha Nairobi, ambacho baadaye kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili. Mwaka 1971 kikamtunuku shahada ya udaktari, na mwaka 1976 akawekwa kuwa mkuu wa idara ya anatomia ya wanyama, akiwafundisha watoto wa Kenya ambao sasa hawakuhitaji ndege kwenda kusoma.