Uhamishaji Bila Kuzima

Ipo tafsiri inayoenea katika miongozo ya kompyuta ambayo haifai kuachwa ikazoeleka: «uhamiaji wa moja kwa moja», kwa maana ya kutoa mashine pepe kwenye seva moja na kuipeleka nyingine huku watumiaji wake wakiendelea na shughuli zao. Kila neno humo limekosewa. Uhamiaji hutokana na hamia, na anayehamia huenda mwenyewe. Ndiyo maana wanaoshughulika na pasipoti na wageni wanaitwa Idara ya Uhamiaji. Mashine pepe haihami, inahamishwa. «Moja kwa moja» ni baya zaidi. Kwa matangazo ya redio na televisheni limekubalika, lakini likifuata hama lina maana yake ya siku zote: ukisema jirani amehamia Tanga moja kwa moja, umesema harudi. Mashine iliyoondolewa asubuhi ili seva yake iongezwe kumbukumbu hurudishwa mchana. Nao wanaoshikilia «uhamishaji hai» wamelichukua neno la viumbe wakalibandika kwenye programu, ilhali fundi akiulizwa hali ya mashine hujibu kwamba inawaka au imezimwa.

Ninachotetea ni uhamishaji bila kuzima. Hama ni neno la Kibantu, Wakikuyu wanalo kwa sura ya thama, na hamisha inamtaja bayana fundi anayetenda. Zima lilianzia kwenye moto, likapokea taa, kisha injini, redio na simu, na halikuhitaji kikao cha kamati yoyote ili lipokee kompyuta. Husemwa kwamba hii ni sentensi, si istilahi. Basi na mkopo bila riba nao tuuondoe benki! Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mashine husimama kidogo. Ni kweli. Kurasa za kumbukumbu hunakiliwa mzunguko baada ya mzunguko huku zikiendelea kubadilika, na zikibaki chache mashine husimamishwa, salio likapelekwa, kazi ikaendelea upande wa pili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu Xen, programu ya kuendeshea mashine pepe, seva ya mchezo wa Quake 3 ilihamishwa kwa kusimama milisekunde 60 tu. Lakini kusimama si kuzima. Aliyezima amepoteza kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu. Aliyesimamisha hajapoteza kitu. Kiswahili kinazitenga hali hizo mbili kwa vitenzi viwili vya kawaida, na «hai» halizitengi.

Tena jina hili humsaidia fundi pale uhamishaji unapokwama, na mara nyingi unapokwama chanzo ni mtandao. Kama mashine haikuzimwa, miunganisho yake ya TCP ingali wazi, kwa hiyo lazima ifike na anwani zilezile za IP na MAC, na lazima ikute mtandao uleule. Daraja la mtandao linaloitwa br0 huku na br1 kule linatosha kuivunja safari kabla haijaanza. VLAN isiyoruhusiwa kwenye poti ya swichi upande wa pili huleta hitilafu ya kuudhi zaidi: uhamishaji unaripotiwa kufaulu, na hakuna anayeipata mashine. Ndiyo maana QEMU, programu inayoiendesha mashine pepe, mara mashine ifikapo, hutuma pakiti za RARP ili swichi zijue MAC ile sasa iko poti gani. Pakiti hizo zikizuiwa, swichi huendelea kupeleka data kwenye seva ya zamani mpaka mashine yenyewe itume kitu.

Inayostahili kuangaliwa kwa karibu ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti. Tuseme seva zote mbili zimewekwa 9000, swichi katikati imebaki 1500. Ping ya kawaida inapita, kwa kuwa pakiti yake ni ndogo. Muunganisho wa uhamishaji kwenye poti 49152, ya kwanza katika zile 64 ambazo libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, huzitumia kwa kawaida, unafunguka. Kisha kurasa zinaanza kusafirishwa na kila kitu kinaganda. Kwenye Linux, ping -M do -s 8972 hufichua tatizo, maana 8972 na baiti 28 za vichwa ni 9000 kamili na pakiti hairuhusiwi kukatwa. Ikishindwa hapo na ikapita kwa 1472, ukaguzi uelekezwe kwenye swichi. Vyanzo vingine, yaani faiawoli na faili ya hosts inayolitafsiri jina la seva pokezi kuwa 127.0.0.1, hukaguliwa kwa dakika chache.

Kwa matumizi, kitenzi kinabaki huru: mashine imehamishwa bila kuzimwa, tunaihamisha bila kuizima, uhamishaji bila kuzima umekwama. «Uhamiaji wa moja kwa moja» hauwezi kunyambuliwa hivyo bila kumpotosha msomaji, na waliouingiza katika miongozo wanapaswa kuuondoa toleo lijalo.