Mikono Ilikuwa Wapi?

Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani Litein, tumekaa jikoni kwa gogo (ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu), mvua inapiga mabati. Mdogo wangu akatuonyesha video kwenye simu. Mzungu mzima, kofia pana na buti za ng'ombe, amekaa mezani ameshika karata. Nyuma yake kuna mtu wa kupima muda. Saa ikalia piii! Karata zikaanguka, jamaa akachomoa bastola, sahani za chuma zikalia ting, ting, ting. Sekunde chache tu, mambo yameisha.

Gogo akauliza, "Na yule mwingine?"

"Mwingine yupi, gogo?"

"Anayepigwa. Yeye alikuwa ameshika nini?"

Tulicheka. Tukamweleza kuwa hakuna mtu, ni vyuma tu. Akarudi kuchambua managu yake. Mimi swali lile liliniganda, na nilipofika Nairobi nikaanza kusoma.

Kumbe ule ni mchezo wenye wenyewe. Ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na chama chake kikubwa, Single Action Shooting Society, kikaundwa 1987. Mchezaji anavaa kama mtu wa karne ya 19, anajipa jina la kubuni, na anatumia silaha za aina ya enzi hizo: bastola mbili ambazo kila risasi lazima uvute nyundo kwa kidole, bunduki ya mtutu mrefu, na ya marisau. Bastola ina matundu sita lakini zinatiwa risasi tano, nyundo ilale juu ya tundu tupu, isije ikafyatuka bila kukusudia. Ukikosa shabaha moja unaongezewa sekunde tano.

Kilichonivutia zaidi ni mkao wa kuanzia. Kila kituo kina wake. Hapa unaanza umeshika kofia, pale umeegemea kaunta ya baa, kwingine mikono imeinuliwa juu kama mtu anayejisalimisha. Anayeandika kituo ndiye anayeamua, na raha ya mchezo iko hapo, maana mkao ukibadilika hesabu yote inabadilika. Lakini kuna sharti moja halivunjwi: kwenye kituo kimoja, wote wanaanza sawa, na saa inalia kwa wote.

Sasa rudi nami Sotik, mwaka 1905.

Wakipsigis, ambao serikali ya kikoloni iliwaita Lumbwa, walikuwa wamewavamia Wamaasai na kuchukua mifugo. Tusijidanganye, hilo lilitokea. Serikali ikaamuru mifugo irudishwe, ikakataliwa. Jibu likawa kikosi cha askari chini ya Meja Richard Pope-Hennessy, na bunduki ya Maxim, mashine ya kumwaga mamia ya risasi kwa dakika moja. Idadi inayotajwa mara nyingi ya waliouawa ni takriban 1,850, wanaume, wanawake na watoto. Ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa.

Nikajaribu kulichora tukio lile kama kituo cha mchezo. Upande mmoja askari wamejipanga, mkono uko kwenye mashine, wanajua saa italia lini kwa sababu ni wao wanaoiliza. Upande wa pili kuna mtu na mkuki na ngao. Sawa, huyo angalau ana silaha. Lakini katika wale 1,850 kuna mama. Mikono yake ilikuwa wapi? Labda alikuwa amembeba mtoto. Hakuna ripoti ya afisa iliyojali kuandika hilo, na ndilo hasa gogo alilouliza.

Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, kwa majirani zetu Wanandi, Koitalel arap Samoei alikwenda kukutana na Richard Meinertzhagen kuzungumzia amani. Akapigwa risasi akafa. Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyeshambuliwa. Wanandi husimulia kwamba Koitalel alikuwa amenyoosha mkono wa salamu. Ukiangalia vizuri, ubishi wote wa zaidi ya miaka 100 ni juu ya mkao wa kuanzia: mkono ule ulinyooshwa kufanya nini? Afisa alichunguzwa, hakutiwa hatiani, kisha akaondolewa nchini 1906. Fimbo za Koitalel zilirudi Nandi 2006, karne nzima baadaye.

Kuna jambo jingine nimejifunza. Mwandishi wa kituo hachagui mkao peke yake, anachagua pia saa ilie wapi. Ripoti za kikoloni huiliza saa pale Wakipsigis wanapochukua ng'ombe, hivyo kila kinachofuata kinaonekana ni adhabu. Stori ya chai nayo huanzia miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wanapofika Kericho, utadhani walikuta milima mitupu inasubiri miche.

Rudisha saa nyuma kidogo tu. Mwaka 1919 ekari 25,000 hapa Kericho zilitengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe, ikaishia kwa chai. Mwaka 1934 sheria maalum ikapitishwa kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi karibu na ziwa, kwenye mbung'o na malaria. Kwa hiyo mwaka 2022, watu wa Kericho na Bomet walipopeleka malalamiko Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, hawakuwa wakianzisha ugomvi mpya. Walikuwa wanaomba saa irudishwe ilikopaswa kulia.

Siwalaumu wale wazee wa Marekani na kofia zao. Mchezo wao una haki ambayo historia yetu haikuwa nayo. Na hakuna anayekufa.

Siku ile nikirudi Nairobi, matatu ilipita katikati ya mashamba ya chai, kijani mpaka macho yanachoka. Abiria wa pembeni yangu, kijana wa rika langu, alikuwa anapiga picha dirishani. "Huku ni kuzuri, bro," akasema. "Tena hakuna watu."

Nikafunga simu. Safari bado ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Hebu nikuanzishie mapema kidogo," nikaanza na Sotik.