Saa ya Kuzima: Runinga, Redio na Malezi Yetu Ughaibuni



Sisi wazazi tunaoishi Stratford na vitongoji vyake tukikutana, iwe msibani au harusini, hatukosi lalamiko moja. Mtoto akirudi shule hushika simu; anakula huku akitazama, analala huku akitazama, na akiulizwa neno kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Wala si watoto peke yao. Kabla ya kunyoosheana vidole, tunaona ni vyema tutazame nyuma kidogo, kwa maana jambo hili si geni, si hapa Uingereza wala si kwetu.

Tuanze na wenyeji wetu. Katika miaka ya 1950 televisheni ya Uingereza ilifungwa jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja. Vipindi vya watoto vilikwisha, kioo kikawa kimya, na wazazi wakapata saa nzima ya kuwalaza wadogo na kuwasimamia wakubwa wafanye kazi za shule. Waliuita mpango huo mapatano ya watoto wadogo. Ulikufa tarehe 16 Februari 1957, na waliouua si wazazi. Vituo vya biashara vilivyoanza mwaka 1955 viliishi kwa matangazo, na kwao saa moja ya kimya ilikuwa saa moja ya hasara. Serikali ikakubali hoja yao. Hata hivyo dola iliendelea kupanga saa za televisheni mpaka mwaka 1972, na Desemba 1973, uhaba wa nishati ulipobana, vituo viliamriwa kuzima saa nne na nusu usiku.

Mwaka huohuo wa 1957, tarehe 27 Juni, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza kutoka London. Wengi wetu tuliozaliwa kule tunakumbuka jinsi habari hizo zilivyosikilizwa. Redio ilikuwa moja na masikio yalikuwa mengi. Saa ya habari ilijulikana. Watu walikusanyika barazani, wakasikiliza, kisha redio ikazimwa ili mawe yasiishe upesi. Hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipoanza, na sisi watoto tuliokaa pembeni tuliokota maneno, methali na heshima bila mtu kutufundisha darasani.

Runinga nayo ina kisa chake. Zanzibar ilitangulia mapema miaka ya 1970, ikawa na televisheni ya rangi wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Mwalimu Nyerere alikuwa ameona kwamba chombo hicho ni ghali, na kwamba kingewanufaisha wachache wa mjini huku wengi wakiwa vijijini. Tunaweza kumwunga mkono au kumpinga, lakini tusisahau lililotokea: wakazi wa Dar es Salaam wenye uwezo walisimamisha antena ndefu wakanasa picha za Zanzibar, na wengine wakanunua deki za video. Kumnyima mtu kitu hakumfundishi namna ya kukitumia.

Lililofundisha zaidi, kwa maoni yetu, ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Yapata watu wazima milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio nchini kote. Kikundi kilikutana siku iliyopangwa, kikasikiliza kipindi, kikasoma kitabu kilichoandaliwa, kikajadiliana chini ya kiongozi wake. Kisha watu waliinuka wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Redio ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa kazi ya mikono.

Tukiviweka visa hivi pamoja tunaona kitu kimoja. Zamani chombo kilijifunga chenyewe. Kama si serikali iliyokifunga, basi yalikuwa mawe ya redio au ratiba ya kituo. Simu ya leo haina saa ya kufunga. Kipindi kimoja kikiisha kingine kinaanza chenyewe, kwa sababu ileile iliyoua mapatano ya mwaka 1957: kimya hakiuzi matangazo. Hata treni iliyokuwa ikitupumzisha haipo tena, kwani tangu Machi 2020 mtandao unapatikana katika mahandaki ya Jubilee kati ya Westminster na Canning Town, njia yetu ya kila siku kurudi Stratford.

Serikali zimeanza kushtuka. Februari 2024 Wizara ya Elimu iliwaelekeza wakuu wa shule za England wazuie simu muda wote wa siku ya shule, na Desemba 2025 Australia ilianza kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Lakini agizo la shule huishia getini. Jioni ni yetu wenyewe.

Na jioni ndiyo yenye thamani kubwa kwetu. Mtoto wa Stratford anatoka shule karibu saa tisa na nusu. Wakati wa baridi, hiyo ni saa kumi na mbili na nusu jioni kwa bibi yake aliyeko Tanga au Mombasa. Ikifika saa kumi na mbili hapa, kule ni saa tatu usiku, na bibi anajitayarisha kulala. Kwa hiyo mlango wa kuzungumza na bibi uko wazi kwa saa mbili tatu tu, na ni saa hizohizo katuni na michezo ya kompyuta hutawala. Tunaloweza kupoteza hapo ni zaidi ya usingizi na macho: ni lugha. Kiswahili hakirithiwi kwa damu. Hurithiwa kwa maongezi.

Hatusemi simu zitupwe. Simu hiyohiyo ndiyo inayotuonyesha uso wa bibi. Tunalopendekeza ni kuirudishia saa yake ya kuzima. Kwanza, bibi apigiwe kabla ya katuni. Pili, iwepo saa moja ya jioni ambapo simu zote, za wazazi zikiwa za kwanza, zinawekwa kapuni, chakula kinaliwa na hadithi inatolewa: paukwa, pakawa. Tatu, kinachotazamwa kitazamwe pamoja, kisha kijadiliwe kwa Kiswahili kama vile vikundi vya 1973. Nne, Jumamosi tuwatoe watoto, Bustani ya Olimpiki iko jirani na haina kiingilio.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Waingereza waliipoteza saa yao moja mwaka 1957 kwa sababu ilikuwa mikononi mwa serikali na wafanyabiashara. Yetu iko mikononi mwetu. Familia moja ikianza, tuambizane, na nyingine zifuate.