Chigongi: Mazoezi ya Pumzi ya Kichina na Haja ya Mtaa wa Pipeline

Mtaa wa Pipeline, ulioko Embakasi upande wa mashariki wa Nairobi kando ya Barabara ya Outer Ring, ni miongoni mwa mitaa ya Kenya ambamo watu wengi huishi juu ya ardhi ndogo mno, kwa kuwa majengo yake ya kupangisha hupanda orofa saba, nane na zaidi, nayo yamesogeleana kiasi kwamba vyumba vingi vya chini huwashwa taa mchana na viwanja vya wazi vimebaki vichache sana. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt, aliyechapisha mwaka 2024 kitabu kuhusu wanaume waliohamia mtaani humo, ameeleza jinsi matarajio ya kodi, karo na fedha za kutuma nyumbani yanavyowaelemea, na jinsi baadhi yao wanavyotafuta nafuu katika vyumba vya kunyanyulia vyuma. Mahali pa namna hiyo panahitaji mazoezi yasiyodai uwanja, vifaa wala ada kubwa, na historia ya chigongi, yaani mazoezi ya Kichina ya kuutunza mwili kwa kuunganisha mwendo, pumzi na fikra, inastahili kusomwa kwa jicho hilo. Historia hiyo inaonyesha kwamba mazoezi haya yalistawi kila yalipofundishwa kama tunzo la kawaida la afya, na kwamba yaliharibika kila yalipouzwa kama muujiza.

Kutoka makaburini hadi vitabuni

Ushahidi wa kale ulio wazi zaidi ulipatikana mwaka 1973 huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha katika jimbo la Hunan, pale wanaakiolojia walipofukua kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kukuta ndani yake kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, wakijinyoosha, wakiinama na kuinua mikono. Mazoezi hayo yaliitwa daoyini, yaani kuiongoza pumzi na kuunyoosha mwili, na baadhi ya michoro ilikuwa na maandishi ya kutaja maradhi yaliyokusudiwa kutibiwa au mnyama aliyeigwa. Miaka kumi hivi baadaye, katika kaburi jingine huko Zhangjiashan, jimbo la Hubei, yalipatikana maandishi ya mianzi yanayoeleza mazoezi ya aina hiyo hiyo kwa maneno, jambo linalothibitisha kwamba elimu hii ilikwisha kupangwa na kufundishwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita.

Tabibu Hua Tuo, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tatu baada ya Kristo, anatajwa katika kumbukumbu za kihistoria kuwa alifundisha mchezo wa wanyama watano, ambao ni chui milia, paa, dubu, nyani na ndege, akishikilia kwamba mwili unaotikiswa kwa kiasi huchakata chakula vyema na huzuia maradhi. Katika zama za nasaba ya Song, kati ya karne ya 10 na ya 13, ulijitokeza mfululizo wa miendo minane uitwao Baduanjin, ambao hadi leo ndio unaofundishwa zaidi kwa wanaoanza, kwa sababu hufanywa kwa kusimama mahali pamoja na hukamilika kwa takriban robo saa.

Misingi ya elimu yenyewe

Msingi wa kwanza ni dhana ya chi, ambayo katika tiba ya jadi ya Kichina humaanisha kwa pamoja pumzi, hewa na nguvu inayohuisha, nayo husemekana kupita mwilini katika njia kuu 12 zilizoelezwa katika Huangdi Neijing, kitabu cha tiba kilichokusanywa katika karne zilizokaribia zama za Kristo. Wanaanatomia hawajaziona njia hizo kama wanavyoiona mishipa ya damu na ya fahamu, kwa hiyo msomaji wa leo anaweza kuichukua chi kama lugha ambayo wahenga wa Kichina waliitumia kueleza yale waliyoyahisi miilini mwao, bila kulazimika kuiamini kama kitu kinachopimika.

Msingi wa pili, ulio wa vitendo zaidi, ni urekebishaji wa mambo matatu: mwili, pumzi na moyo kwa maana ya fikra. Katika kuurekebisha mwili, mtu husimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, hulegeza magoti, huangusha mabega na kuunyoosha uti wa mgongo bila kukakamaa. Katika kuirekebisha pumzi, huvuta hewa puani taratibu hadi tumbo lijae, kisha huitoa taratibu zaidi. Katika kuzirekebisha fikra, huelekeza mawazo kwenye mwendo au kwenye dantieni, sehemu iliyo chini kidogo ya kitovu, ili akili isitangetange. Mwendo wa kwanza wa Baduanjin, ambapo viganja vilivyofumwa vidole husukumwa juu ya kichwa huku visigino vikiinuliwa, na ule wa pili, ambapo mikono huigiza kuvuta upinde kulia na kushoto, hushirikisha mambo yote matatu kwa wakati mmoja.

Kutoka hospitalini hadi homa ya miujiza

Jina chigongi kwa maana ya mazoezi ya tiba ni la karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Liu Guizhen, mtumishi wa Chama cha Kikomunisti katika jimbo la Hebei, aliugua vidonda vya tumbo, akarudi kijijini kwao, akafundishwa zoezi la kupumua lililokuwa likirithishwa kwa siri kutoka mwalimu mmoja hadi mwingine, na inasimuliwa kwamba baada ya siku 102 alirejea kazini akiwa mzima. Wakubwa wake, waliokuwa na wagonjwa wengi, madaktari wachache na dawa haba, walimwagiza alichunguze zoezi hilo, na mwaka 1949 likapewa jina jipya na kuondolewa maneno ya kidini ili lifundishwe mahospitalini. Katikati ya miaka ya 1950 vilifunguliwa vituo vya tiba huko Tangshan na Beidaihe, na elimu iliyokuwa imefichwa ikawa huduma ya umma.

Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966 yaliyapiga marufuku mazoezi hayo kwa kuyahesabu kuwa mabaki ya ukale, lakini katika miaka ya 1970 mchoraji Guo Lin, aliyekuwa ameugua saratani, aliyafundisha katika bustani za Beijing kwa makundi ya wagonjwa wenzake, na kwa kufanya hivyo akayatoa mikononi mwa wahudumu wa hospitali na kuyaweka hadharani. Yaliyofuata katika miaka ya 1980 yanapaswa kuwa onyo, kwa kuwa walimu mashuhuri walijaza viwanja vya michezo wakidai kutibu kwa kurusha chi kutoka mbali, na wafuasi wa mmoja wao, Yan Xin, walifika hatua ya kudai kwamba aliisaidia serikali kuuzima moto mkubwa wa msitu wa mwaka 1987. Wanasayansi wa China walipinga madai hayo, lakini enzi hiyo ilikatizwa hasa na siasa: mwezi Julai 1999 serikali ililipiga marufuku kundi la Falun Gong, lililoanzishwa na Li Hongzhi mwaka 1992, ikawakamata wafuasi wake kwa wingi na kuvibana vyama vingine vya chigongi. Mwaka 2003 Idara Kuu ya Michezo ya China iliidhinisha mifumo minne ya afya, ikiwamo Baduanjin na wanyama watano, na hiyo ndiyo iliyosambazwa kwingi duniani.

Njia ya kufika Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ilikutana na elimu hii kwanza kupitia matabibu. Kikosi cha madaktari wa Kichina kiliwasili Zanzibar mwaka 1964, muda mfupi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, na kingine kilianza kazi Tanzania Bara mwaka 1968, na vikosi hivyo vilikuja na tiba ya Kichina ya kuchomeka sindano nyembamba mwilini (akupancha), ambayo hutegemea nadharia ile ile ya chi na njia zake. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, iliyokuwa ya kwanza barani Afrika, na taasisi za aina hiyo huandamanisha masomo ya lugha na utamaduni, ikiwamo taichi, ndugu wa karibu wa chigongi aliyezaliwa katika sanaa ya kupigana na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2020. Barabara ya Outer Ring, inayopita mlangoni mwa Pipeline, ilipanuliwa na kampuni ya Kichina ya Sinohydro, lakini lami hufika mtaani upesi kuliko elimu ya mwili.

Yanayoweza kuaminiwa

Uchunguzi wa kisayansi umeyaunga mkono mambo kadhaa ya wastani, hasa kuhusu taichi, ndugu huyo wa chigongi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Oregon, Marekani, uliohusisha wazee 670, ulionyesha kwamba waliofunzwa taichi iliyorekebishwa kwa ajili ya mizani ya mwili walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Mwaka 2024 watafiti wa Beijing waliripoti kwamba, kati ya watu 342 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeanza kupanda, waliofanya taichi kwa mwaka mmoja walipungukiwa kwa wastani wa milimita 7 za zebaki katika shinikizo la juu, ilhali waliokimbia, kutembea haraka au kuendesha baiskeli walipungukiwa kwa chini ya 5. Hakuna hata moja kati ya matokeo hayo linalothibitisha kwamba mtu hurusha chi kumponya mwingine, wala linalomruhusu mgonjwa kuacha vidonge alivyoandikiwa na daktari.

Kwa Pipeline, jambo la kuzingatia ni kwamba hali iliyofanya zoezi la Liu Guizhen lipelekwe mahospitalini, yaani wagonjwa wengi na huduma haba, inafanana na hali ya mtaa huo, ambao pia una nafasi finyu. Chumba cha futi kumi kwa kumi kinatosha kwa Baduanjin, na paa la kuanikia nguo linatosha kwa kundi dogo, mradi mwenye nyumba akubali, kuta za ukingoni ziwe imara na wazee washike mahali pa kujiegemeza. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ya Kenya iliwaandaa wapatao 100,000 mwaka 2023 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu, tayari hubisha hodi katika milango ya wapangaji. Wakifundishwa miendo hiyo minane pamoja na mipaka yake, wataweza kumwachia mpangaji kitu cha kufanya baada ya kumsomea kipimo chake. Serikali ya Kaunti ya Nairobi na walimu wa sanaa hizi waliomo jijini wana wajibu wa kulifikiria jambo hili kwa uzito, kwa sababu watu wanaoishi orofa ya nane bila lifti wana haki ya kupata elimu ya afya inayolingana na nafasi waliyo nayo, itolewe bure na bila ahadi za uongo.