Zamu ya Nani?

Sisi Wanyakyusa tuna salamu ambayo ukiitazama haraka utadhani inapingana na mahubiri. Asubuhi mtu akikutana na mwenzake humwambia, "Ugonile." Kwa maneno yenyewe anamuuliza kama amelala. Unajibu "Ndaga", yaani asante, na siku inaanza. Lakini Jumapili kanisani unaambiwa usilale, kesha, maana hujui saa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi yangu: sasa tulale au tukeshe? Alicheka sana. "Mume wangu, wewe lala. Zamu yako ikifika nitakuamsha."

Na kweli aliniamsha. Ilikuwa Pasaka, saa kumi usiku, kijijini kwetu chini ya Mlima Rungwe. Anayeijua Tukuyu anajua mvua za mwezi huo: matope hadi kwenye vifundo, ukungu kwenye migomba, na baridi inayopita hata kwenye sweta mbili. Tulikwenda makaburini na tochi, watu wengi, na matarumbeta mbele. Tulisimama kati ya makaburi mpaka kukapambazuka. Mimi nilikuwa nasinzia huku nimeshika khanga ya bibi. Sikuelewa kwa nini habari ya ufufuo isisubiri watu wanywe chai kwanza.

Baadaye, nilipoanza kusoma historia, ndipo nikajua desturi ile ilikotoka. Ilianza mwaka 1732 katika mji mdogo wa Herrnhut, Ujerumani, pale vijana walipokwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka. Mji huo ulijengwa kuanzia mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia, na jina lake maana yake ni ulinzi wa Bwana. Mwezi Agosti 1727 wakagawana saa za kusali: wanaume 24 na wanawake 24, kila mmoja na saa yake, usiku na mchana. Mnyororo huo ulidumu kama miaka 100. Mwaka 1728 wakaanza pia kupeana aya moja ya kila siku, wakaiita kwa neno la askari: lile neno la siri ambalo walinzi huulizana usiku.

Hapo ndipo nilipogutuka. Kumbe kukesha kwao hakukuwa kukodoa macho mtu mmoja usiku kucha. Hilo hakuna aliweza. Hata wale mitume watatu bustanini usingizi uliwashinda. Kukesha kulikuwa zamu. Wewe unalala kwa sababu fulani yuko macho, na saa yako ikifika unaamka ili yeye alale.

Watu wa Herrnhut ndio waliofika kwetu mwaka 1891 na kuanzisha misheni ya Rungwe. Walitumwa wanne. Mmoja wao, Georg Martin, hakuumaliza mwaka, alifariki. Lakini tusidhani wazee wetu hawakujua ulinzi mpaka walipofundishwa na wageni. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika habari za abamanga, watu walioaminiwa kukilinda kijiji usiku, ndotoni, dhidi ya wachawi. Amini au usiamini, wazo lilikuwepo: kijiji kinalala kwa sababu wapo walinzi.

Sasa nisikilize vizuri. Desemba 2012 zilivuma habari kwamba tarehe 21 dunia inakwisha. Mimi nilikuwa likizo Tukuyu. Rafiki yangu mmoja wa shule alikuwa amegawa madaftari yake yote, eti ya nini tena? Nami usingizi ulinipaa. Usiku wa tarehe 20 nikamwendea bibi jikoni, nikamweleza. Alikuwa anamenya viazi, hata kisu hakukiweka chini. Akauliza, "Kesho ni zamu ya nani kufagia kanisa?" Nikasema sijui. "Basi kaulize. Kama ni yetu, Bwana akija atukute na mifagio."

Rafiki yangu alirudi shuleni Januari bila daftari hata moja, akaanza kuomba ya wenzake anakili upya.

Habari hizi si mpya upande wetu huu wa ziwa. Mwaka 1908 Elliot Kamwana, Mtonga wa Nyasa aliyesoma kwa Waskoti wa Livingstonia, alianza kuhubiri mafundisho ya Mnara wa Mlinzi. Alitangaza kwamba mwaka 1914 utawala wa wazungu na kodi zao vingefika mwisho. Maelfu walibatizwa kwa miezi michache tu, na mwaka 1909 serikali ikamwondoa nchini. Tusiwacheke watu wale. Kodi ilikuwa imewakaba, na tarehe ni dawa tamu kwa mtu aliyechoka kungoja.

Mwaka 1914 ulifika. Ilichokuja ni vita. Mwezi Septemba jeshi la Wajerumani lilitoka upande wetu, likaenda kupigana na Waingereza Karonga. Mwaka 1916 Waingereza wakaichukua Tukuyu, enzi hizo ikiitwa Neu-Langenburg, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wamoraviani walirudi katikati ya miaka ya 1920. Katikati hapo Waskoti wa Livingstonia walisaidia, lakini kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa wenyeji: kugonga kengele, kufundisha watoto kusoma, kuzika wafu, kuwaamsha watu alfajiri ya Pasaka.

Baba yake bibi alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa mwalimu wa kanisa kijijini. Hakuwa na mshahara wa maana wala tarehe ya kuambiwa kwamba wakubwa watarudi lini. Bibi alinieleza mara nyingi, na mara nyingi nilikuwa naitikia tu huku nachezea simu. Nilijiambia nitaandika, likizo ijayo.

Bibi alilala mwaka 2017. Nilipokaa kuandika, nikakuta sikumbuki hata jina la kijiji alichofundisha yule mzee, wala wenzake walioshika naye zamu. Wamisionari waliandika shajara na barua. Majina yao yapo vitabuni. Wa kwetu walikuwa kichwani mwa bibi. Zamu ya kuandika ilikuwa yangu, nami nililala.

Wenzangu mnaopenda kalamu, mimi sijui saa ya mwisho wa dunia, na anayekwambia anaijua mwogope. Ila saa ya wazee wetu inajulikana: iko karibu. Wiki hii mpigie bibi au babu, uwe na daftari mkononi. Ukianza kwa "Mugonile", msubiri kwanza akujibu kama amelala.