Walionaswa na Forodha

Tarehe 8 Julai 1998, siku tatu kabla ya Tour de France kuanza, maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari la timu ya Festina karibu na mpaka wa Ubelgiji. Dereva, Willy Voet, alikuwa mkandaji wa timu, na ndani ya gari kulikuwa na shehena ya EPO (homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu), homoni za ukuaji na dawa nyingine zilizopigwa marufuku. Si maabara wala mpimaji wa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, aliyefichua jambo hilo. Mwaka 2006 ikawa zamu ya polisi wa Hispania kufichua mtandao wa dawa hizo, na mwaka 2012 wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni, USADA, ndio uliomwangusha nyota wa baiskeli Lance Armstrong. Makosa makubwa yalikuwa yakifichuliwa na watu ambao riziki yao haikutegemea mbio hizo, na sioni kwamba ilitokea hivyo kwa bahati tu.

Utetezi wa UCI una uzito. EPO haikuwa na kipimo cha kuaminika hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na huwezi kumfungia mtu kwa kumshuku tu. Ndiyo maana mwaka 1997 shirikisho liliweka kikomo: mwendeshaji ambaye chembe nyekundu zilizidi asilimia 50 ya damu yake alipumzishwa siku 15. Lakini hakuhesabiwa mkosaji. Ilisemwa kwamba analindwa afya yake. Matokeo yake daktari wa timu alijua hasa aishie wapi, na asilimia 50 ikawa shabaha ya kuikaribia. Wala si kila kitu kilishindikana kwa kukosa kipimo. Mwaka 1999 maabara iliona chembechembe za kotikosteroidi kwenye mkojo wa Armstrong. Kanuni ilitaka cheti cha daktari kiwepo kabla; UCI ikapokea kilicholetwa baadaye, eti kwa ajili ya krimu ya vidonda vya tandiko. Hapo sayansi ilikuwa imemaliza kazi yake, kilichokosekana ni utashi.

Baadaye Armstrong aliichangia UCI dola 25,000, kisha 100,000. Tume huru iliyotoa ripoti mwaka 2015 haikupata ushahidi kwamba fedha hizo zilinunua ukimya, na ni haki kulisema hilo wazi. Iliona, hata hivyo, viongozi waliompendelea na kujali zaidi sura ya mchezo. Kwangu hilo ni zito kuliko hongo: mla rushwa hufukuzwa, lakini chombo kinachouza mbio na papo hapo kuwahukumu nyota wake kitapendelea hata kikiongozwa na waadilifu. UCI inastahili sifa kwa pasipoti ya kibiolojia ya mwaka 2008, inayofuatilia damu ya kila mwendeshaji kwa miaka. Ila upimaji wenyewe haukukabidhiwa wakala wa nje, ITA, hadi mwaka 2021, miaka 23 baada ya gari la Voet, na gharama zake bado zinatoka ndani ya mchezo huohuo.