Ziwa Lililokula Kuni

Jioni pale Dunga, ufukwe wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, kabla boti za omena hazijaingia ziwani, kijana huinama nyuma ya boti yake akamimina petroli iliyochanganywa na oili kwenye tangi la mashine. Tone likimponyoka, hutanda juu ya maji kwa rangi za upinde wa mvua. Mafuta hayo yameshushwa Mombasa, mwisho mwingine wa nchi. Zamani chombo cha ziwani kilikula kilichoota ufukweni.

William Mackinnon, meli ya mvuke iliyoundwa Scotland mwaka 1890, ililetwa vipande vipande. Reli ilikuwa haijafika ziwani. Wapagazi walibeba vyuma mgongoni, vingine vikaachwa njiani, na miaka 10 ikapita ndipo ikashushwa majini, mwaka 1900. Garimoshi lilifika Kisumu Desemba 1901, kisha zikaja Winifred, Sybil na Clement Hill. Meli za enzi hiyo zilichoma kuni; magogo yalirundikwa gatini yakisubiri tanuri, na misitu ya karibu ililipa gharama. Baadaye dizeli ikashika usukani. MV Uhuru, ya mwaka 1966, ilivusha hadi mabehewa.

Hamu yangu sasa iko kwa haidrojeni. Mwaka 1839 William Grove wa Wales alionyesha kuwa gesi hiyo ikikutanishwa na oksijeni huzaa umeme, na kinachobaki ni maji matupu. Mwaka 2005 Urashima, chombo cha Japani kinachojiendesha chini ya bahari, kilitumia seli zinazozalisha umeme kwa njia hiyo kusafiri kilomita 317 bila nahodha. Kutoka Kisumu hadi Port Bell, Uganda, kwa mstari mnyoofu, hazifiki 250.

Ghuba ya Winam, ilipo Kisumu, inahitaji chombo cha namna hiyo. Maji yasiyo na hewa yakipanda kutoka chini, ngege waliomo vizimbani hufa kwa maelfu, na mfugaji hujua asubuhi, wakiwa wameshaelea. Chombo kinachozunguka usiku kucha kikipima oksijeni kingempa muda wa kuwaokoa.

Gesi yenyewe hupatikana kwa kupasua maji kwa umeme, na Sondu Miriu, kituo cha megawati 60, kiko juu ya mto unaomwaga humu humu ghubani. Mitungi ni ghali, sikatai. Mkakati wa taifa wa haidrojeni ya kijani, uliozinduliwa 2023, umetanguliza mbolea. Naomba kipande kidogo tu kije ziwani: mtungi mmoja, chombo kimoja, kipite kila usiku kati ya Dunga na Mbita.